Fomu Kumi Tupu

Jumatatu hiyo Fundi alikuwa amebakiwa na saa nne za kuitwa mshukiwa. Ikigonga saa sita mchana angeitwa mshitakiwa, na shitaka lenyewe la kuua, maana Mkuu wa kituo alikwisha kuliandika Jumapili kwa mkono wake mwenyewe, akabakisha nafasi ya sahihi tu. Sahihi iliyokuwa ikingojwa ni ya mpelelezi wa kesi.

Mpelelezi huyo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Vijana wa kituoni walimwita Kupe, mbali na masikio yake, kwa sababu akishamng'ang'ania mtu hang'oki. Jina analijua. Aliwahi kulisikia akiwa chooni, akanyamaza, na mwezi uliofuata aliyelitamka akapangiwa lindo la mochwari.

"Rudia," alisema Kupe.

"Afande, nimeshasema mara tatu."

"Ya nne haitakung'oa meno. Rudia."

Fundi alilamba midomo iliyokauka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, mtunzaji wa kompyuta zote za mahakama, mtu mmoja kwa majengo mawili. "Ijumaa nilifika kazini saa moja na nusu. Nikakagua seva, ile kompyuta mama, ilikuwa nzima. Saa nne nikatoka. Saa kumi na robo nikarudi, nikaona nimepigiwa simu mara kumi na moja. Nikaizima seva, nikaiwasha upya, amri ikaenda."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ikilia unaitazama tu, mara kumi na moja?"

Fundi aliinamia pingu zake.

"Toka saa nne mpaka saa kumi na robo ulikuwa wapi?"

"Kwenye shughuli zangu."

"Shughuli hazina jina? Njia ya mwongo ni fupi, kijana, na wewe umeshafika mwisho wake."

Fundi alijikuna kifundo cha mkono wa kushoto, juu kidogo ya pingu, palipokuwa na doa la zambarau lililofifia, doa la wino. Kupe aliliona, akaandika kwenye daftari: doa, kushoto. Alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu, hata vya kipuuzi, na wenzake walimcheka kwa hilo.

Kesi ilikuwa ya kuudhi kwa jinsi ilivyonyooka. Ijumaa, saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, hakimu wa chumba cha pili alimpa dhamana mwanamume mmoja aliyekuwa mahabusu kwa kuvunja mlango wa mama mkwe wake akimfuata mkewe. Siku hizi amri ya kuachiliwa haipelekwi na tarishi. Inaandikwa kwenye programu ya mahakama, inayokaa ndani ya seva ya mahakama yenyewe, mumo humo jengoni, na papo hapo inaonekana kwenye kompyuta ya gereza. Ya bwana huyu haikuonekana. Hakimu alijaribu mara nne kuiandika, ikagoma, na ilipokuja kwenda ilikuwa saa kumi na robo. Ofisi ya gereza ilikwisha kufungwa saa kumi kamili mpaka Jumatatu. Alfajiri ya Jumamosi pumu ikamshika mtu huyo ndani ya selo yenye watu arobaini. Wenzake waligonga mlango mpaka mikono ikavimba, na ulipofunguliwa alikuwa ameshakufa.

Mke wa marehemu ni dada yake Fundi. Majirani wawili walimsikia Fundi nyumbani kwa mama yake akimsema shemeji huyo kwa sauti ya juu, "Aozee humo humo!" Na Ijumaa hiyo hiyo amri nyingine tatu za kuachiliwa zilipita salama salimini. Moja tu ndiyo iliyokwama, ya mtu ambaye mtunza seva alimwombea aoze. Hata mtoto wa darasa la tatu angemfunga.

"Mtu mwenye akili ya kuua kwa kompyuta," alisema Kupe akivaa kofia, "hana upumbavu wa kurudi kuiwasha kwa nywila yake mwenyewe. Ndiyo maana mpaka sasa unaongea na mimi na si na mwendesha mashitaka. Simama. Twende ukanionyeshe hiyo seva yako."

Chumba cha seva zamani kilikuwa stoo ya karatasi, na harufu ya karatasi za zamani ilikuwamo bado. Ndani mlikuwa na meza ya mbao, sanduku jeusi juu yake, feni moja ikilipulizia, na bango la mkono: USIZIME HATA DAKIKA MOJA. Kupe alimfungua Fundi mkono wa kulia, pingu akaifungia kwenye mguu wa meza.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu haongei na mtu siku hizi."

"Basi nieleze mimi. Mimi naongea na kila mtu, ndiyo kazi niliyopewa."

Fundi alivuta kibodi. Alipoanza kueleza sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeko nyumbani kwake. "Majalada yote yamo humu, kwenye hifadhidata. Mtu akitaka kusoma au kuandika, programu inamwombea laini ya kwenda kuzungumza na hifadhidata. Zamani kila mtu alifunguliwa laini yake mpya. Kufungua laini ni kazi, afande, na mashine yenyewe ni kikongwe. Zikifika mia inazirai. Ilikuwa inazirai mara tatu kwa wiki."

"Najua. Iliwahi kunikalia na hati ya upekuzi kutwa nzima, mwizi akahama mtaa."

"Basi wiki sita zilizopita nikaweka kundi la laini. Zinafunguliwa mara moja asubuhi, zinakaa wazi, watu wanapokezana. Kama pikipiki za kijiweni. Unachukua moja, unakwenda uendako, unairudisha, mwenzako anapanda. Pikipiki kumi zinabeba mtaa mzima, mradi zirudi."

"Ziko kumi?"

"Makundi ni mawili. Thelathini za kusoma majalada, kumi za kuandika amri. Nilizitenga makusudi, ili wasomaji wasije wakazichukua zote, amri ikakosa njia." Akacheka kicheko kibaya. "Ili amri isikose njia. Na tangu siku ile haijazirai hata mara moja."

"Ijumaa zile kumi za amri alikuwa nazo nani?"

"Sijui. Nilipowasha upya zilirudi zote, na Jumamosi asubuhi mkaja kunikamata msibani. Sikupata nafasi ya kuangalia."

"Nafasi ndiyo hii. Angalia."

Fundi alifungua kumbukumbu za seva, mistari midogo midogo mamia kwa mamia, akaanza kuipandisha kwa kidole. Kupe alivuta kiti, akavaa miwani, na kila mstari aliotaka aliunakili kwa kalamu. Mkuu alipiga simu mara mbili. Mara zote mbili Kupe aliitazama ikilia kisha akaigeuza kifudifudi.

Hesabu ilitoka hivi. Saa mbili na dakika tano asubuhi laini ya kwanza ya amri ilichukuliwa. Saa mbili na dakika kumi na mbili ilichukuliwa ya kumi. Kuanzia hapo hakuna iliyorudi mpaka seva ilipozimwa saa kumi na robo, isipokuwa mara tatu tu kwa siku nzima. Kila mara laini moja ilirudi, na kabla sekunde nne hazijaisha ikachukuliwa tena.

"Mara tatu," alisema Kupe. "Na amri zilizopita ni tatu."

"Ndizo hizo hizo."

"Kwa hiyo aliyezishika ndiye aliyekuwa akituma. Zimeshikwa kutoka wapi?"

"Kompyuta nne. Zote za masjala." Fundi alisogeza uso kwenye kioo. "Lakini afande, hakuna mtu anayeandika amri moja kwa saa nane. Tazama hapa. Hazina kitu. Fomu zimefunguliwa zikaachwa tupu. Programu hii ni ya kizamani, ukifungua fomu ya amri inakushikia laini mpaka uitume au uifunge."

"Na mtu akishika laini bure, mashine haimnyang'anyi?"

Fundi akatoa mkono kwenye kibodi.

"Nimekuuliza."

"Ilikuwa inanyang'anya. Niliiwekea dakika tano. Ukikaa dakika tano hujaandika kitu, laini inarudi kundini kwa nguvu."

"Mbona Ijumaa haikurudi?"

"Nilikiondoa hicho kikomo. Wiki tatu zilizopita."

"Kwa amri ya nani? Kuna barua?"

"Hakuna barua. Mama mmoja aliniomba. Aliniita mwanangu, nikaona haya kukataa."

Mchelea mwana kulia hulia yeye, Kupe aliwaza, lakini huyu ndiye wa kwanza kumwona akilizwa na mama wa watu. Alifunga daftari. Kwa ndani alikasirika, kwa sababu alikuja kumtafuta muuaji na harufu ya muuaji ilikuwa inazidi kupotea.

Alimwacha Fundi na askari mlangoni, akatoka kwenye korido. Kutoka mlango wa hakimu wa chumba cha pili mpaka mlango wa masjala alihesabu hatua arobaini na mbili. Nazo akaziandika.

Masjala ilikuwa na kompyuta nne na wanawake wanne, na mkubwa wao ni mama wa miaka hamsini na tisa aliyebakiza miezi minne astaafu. Mahakama nzima ilimwita Mama Masjala. Majalada yaliyopotea kwa mahakimu yalipatikana kwake, na hakimu mgeni asiyemwamkia alijuta ndani ya wiki.

"Karibu, Inspekta. Umekuja kwa yule mwanangu wa kompyuta? Mnamwonea jamani. Kijana mpole yule, hata mbu anamwomba radhi."

"Nimekuja kujifunza kazi, mama. Naona fomu za amri ziko wazi hapo kwenye kioo. Za nani?"

Mama Masjala akatabasamu, akashusha sauti ingawa waliokuwamo wote walikuwa watu wake. "Hiyo ni siri ya masjala, nakumegea wewe tu. Zamani hakimu akipiga kelele, 'Amri!', unafungua fomu, inazunguka, inazunguka, mtu anangoja gerezani anaoza. Sasa tukija asubuhi, kabla hata ya chai, mimi na hawa wanangu tunafungua kumi. Zinakaa tayari. Nikituma moja nafungua nyingine palepale. Ni kama kuweka ndoo bombani. Ukishaweka ndoo yako, foleni unayo hata ukirudi nyumbani kulala."

"Kwa nini kumi?"

"Ya kumi na moja haikubali. Tumejaribu."

"Na zinakaa wazi siku nzima?"

"Zamani zilikuwa zinajifunga! Mimi naandika kwa vidole viwili, Inspekta. Nikifika katikati, nikiinuka kumuuliza mtu jina, nikirudi kweupe, imefutika yote. Nililia siku moja, usinicheke. Nikamwambia yule mtoto, akanitolea hiyo balaa. Tangu hapo hakuna hakimu aliyeningoja. Uliza mtu yeyote."

Kupe hakucheka. "Mama, naomba msiguse kitu. Nikikuita kutoka koridoni, funga fomu moja. Moja tu, na usifungue nyingine."

Akazirudia hatua arobaini na mbili. Hakimu wa chumba cha pili alikuwa anajiandaa kuingia mahakamani, tai imenyooka, na hakufurahi kumwona.

"Mheshimiwa, fungua fomu ya amri ya kuachiliwa kwenye kompyuta yako."

Alifungua. Kioo kikaandika TAFADHALI SUBIRI, na duara likaanza kuzunguka. Nusu dakika ikapita, kikaandika IMESHINDIKANA.

"Ndivyo Ijumaa ilivyofanya," alisema hakimu. "Mara nne. Nikampigia kijana wetu wa kompyuta mara kumi na moja. Nilikwisha kutoa maelezo yangu."

"Masjala hukwenda?"

"Kwenda kufanya nini? Alhamisi niliwekewa kompyuta yangu, sasa amri zangu natuma mwenyewe."

"Ni hatua arobaini na mbili, mheshimiwa. Nimezihesabu."

"Inspekta, nilikuwa na kesi tisa nje zinaningoja. Nilidhani itajituma yenyewe mtandao ukikaa sawa."

"Jaribu tena." Duara likazunguka. Kupe alitoa kichwa mlangoni, akaita kwa sauti ya gwaride, "Mama! Funga moja!"

Fomu ikafunguka papo hapo, nyeupe, nafasi ya jina la mahabusu inapepesa. Hakimu aliitazama. Akakusanya majalada yake akaenda kwenye kesi zake bila kuaga.

Kupe aliporudi masjala alimkuta Mama Masjala amesimama. Hakuwa mjinga mama yule, na korido ilibeba sauti.

"Kumbe ukifunga moja kwangu ndiyo inafunguka kwake?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo Ijumaa..." Alitafuta kiti kwa mkono. "Mimi Ijumaa nilikuwa nimekaa hapa. Nilituma tatu tu kutwa nzima. Nilikuwa nashangaa siku imepoa."

"Fomu za kumtoa yule mtu zilikuwa wazi mbele yako, tupu, zote kumi. Hakuna aliyekuja kukutajia jina lake."

"Ningeiandika! Wallahi ningeiandika, dakika mbili tu, hata kwa vidole vyangu hivi!" Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kisha akainamia kompyuta akaanza kuzifunga fomu moja moja, na wale wengine watatu wakafunga za kwao bila kuambiwa. Alipomaliza aliushika mkono wa Kupe. "Usiniandike mwanangu. Nimebakiza miezi minne. Miaka thelathini na tatu sijawahi kupewa hata barua ya onyo."

"Nitaandika kilichotokea, mama."

"Kilichotokea ndiyo mimi," alisema Mama Masjala, na akaanza kulia kwa sauti bila kujificha.

Ilikuwa imepata saa tano na robo. Kupe alikuwa na jibu la laini, lakini hakuwa na jibu la zile saa sita za Fundi, na bila hilo Mkuu angesema: hewala, aliona zimeshikwa, akaondoka makusudi, akasubiri gereza lifunge. Na angekuwa na haki ya kusema hivyo. Kupe alimrudisha Fundi kituoni akimbana njia nzima, na njia nzima Fundi alitazama viatu vyake.

Kaunta ya kituo ilikuwa na kelele. Mwanamke mwenye nguo nyeusi, mfuko mkubwa wa safari miguuni, alikuwa anamgombeza askari wa zamu. "Nimekwambia nataka mwenye kesi! Si wewe! Mwenye kesi!"

Fundi alipomwona alisimama ghafla, pingu zikalia. "Dada, rudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Dada, nakuomba, nyamaza."

"Nimenyamaza siku tatu. Mume nimemzika. Na wewe nikuzike?" Alimgeukia Kupe, akaunyoosha mkono kuelekeza kifua cha mdogo wake, na juu ya kifundo cha mkono ule Kupe akaona doa la zambarau lililofifia. "Ijumaa huyu alikuwa na mimi, afande. Kutwa nzima. Tulikuwa kwenye lango la gereza."

Kupe alizunguka kaunta, akavuta simu ya mezani. Wino wa gereza! Kila mgeni anayefika langoni hugongwa muhuri mkononi, na simu yake huwekwa kwenye sanduku la askari mpaka atoke. Yeye mwenyewe kwa cheo chake hupita bila kugongwa, na ndiyo maana hakuukumbuka. Alijitukana kimoyomoyo huku akipiga namba. Askari wa lango alimsomea daftari la Ijumaa kwa sauti ya kuchoka: saa nne na dakika ishirini na tano, wameingia wawili, mke na shemeji wa mahabusu, wameleta dawa ya kifua ya kuvuta, haikupokelewa. Wametoka saa kumi na dakika tatu.

"Haikupokelewa kwa nini?"

"Walisema mtu wao ameshapewa dhamana. Mtu anatoka leo, dawa ya nini tena? Niliwaambia wakae kwenye benchi wamngoje, atatoka aivute mwenyewe." Askari akakohoa. "Sheria ni hiyo, afande. Mtu akiwa anatoka hatupokei vitu."

Kupe alikata simu. Aliandika kwenye daftari: dawa, haikupokelewa.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza Fundi. "Siku mbili nakuuliza. Ulikuwa unakwenda kunyongwa!"

Dada mtu ndiye aliyejibu. "Mama aliapa. Yeye ndiye aliyevunjiwa mlango, yeye ndiye aliyemshitaki mume wangu. Akasema mtoto wake atakayekwenda kwenye lango lile atamkana, wala asije kumzika yeye akifa. Huyu akaropoka pale mbele ya watu, 'Aozee humo humo,' ili mama atulie. Jioni yake akanifuata chumbani akaniambia, dada, Ijumaa nitakusindikiza." Aliugusa mfuko kwa mguu. "Leo asubuhi nimemwambia mama ukweli. Hajanipigia kelele. Ameniwekea huu nje ya mlango."

Kupe aliingia kwa Mkuu bila kubisha. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika kumi. Alisoma kutoka kwenye daftari, kimoja baada ya kingine, naye Mkuu alisikiliza kalamu ikiwa mkononi.

"Kwa hiyo muuaji ni nani?"

"Hakuna muuaji, mkuu. Yuko hakimu mvivu wa kutembea. Yuko askari wa lango aliyekataa dawa. Yuko mama wa masjala aliyezidisha bidii, na kijana aliyemwonea huruma akamtolea kikomo."

"Hakimu simgusi. Gereza siligusi. Mama anayestaafu nikimpandisha kizimbani watanicheka."

"Ndiyo, mkuu."

"Huyo kijana ninaye mkononi."

"Kwa kuua sitii sahihi. Daftari la lango linamtoa, na wakili yeyote atalileta mahakamani, pamoja na ile dawa iliyokataliwa."

Mkuu alifikiri, na hakufikiri sana. Alichukua shitaka la Jumapili akalikunja mara nne. "Mwachie. Na taarifa yako iwe mstari mmoja. Hitilafu ya mtambo."

"Mtambo haukuwa na hitilafu."

"Mtambo hauna ndugu wala wakili, Inspekta. Andika."

Kupe aliandika. Aliandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi, lakini aliandika, kwa sababu mstari huo ndio uliokuwa ukimtoa Fundi. Alirudi kaunta, akamfungua pingu, akamsukumia mkanda wake, simu na funguo.

"Imeandikwaje?" aliuliza dada mtu.

"Hitilafu ya mtambo."

"Ya mtambo." Alimgeukia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ulilegea. "Umeona? Basi si wewe. Niliwaambia si wewe. Liliharibika tu, likaharibikia siku yetu."

Hapo ndipo mtu mwingine angenyamaza. Kupe alimtazama Fundi, akatikisa kichwa polepole, hapana, acha. Alikuwa hajawahi katika kazi yake yote kumwomba mtu afiche.

"Halikuharibika, dada," alisema Fundi. "Lilifanya nilivyoliambia."

Akamweleza. Alieleza vizuri, kwa maneno mepesi, kama alivyomweleza Kupe: laini kumi, fomu tupu, dakika tano alizoziweka mwenyewe na kuziondoa mwenyewe. "Ningeziacha, saa nne kasoro robo amri ingekuwa imeshapita. Tungemkuta ameshatoka."

Dada mtu alikuwa anahesabu, midomo inatikisika. "Tulikaa kwenye lile benchi tangu saa nne."

"Ndiyo."

"Kila nikiinuka unaniambia, kaa dada, vumilia, mtambo ni wangu mwenyewe, naujua, amri itafika."

"Ndiyo."

Hakumpiga, wala hakulia. Aliinama akanyanyua mfuko wake, ukamlemea, na askari wa zamu aliyenyoosha mkono kumsaidia akauacha mkono hewani. Alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, "Usinifuate."

Kupe alifungua kitabu cha walioachiliwa, akakigeuza kikamwelekea Fundi. "Weka sahihi hapa. Uko huru."

Fundi aliweka sahihi. Akavaa mkanda, tundu kwa tundu, akatia funguo mfukoni. Kisha akabaki pale pale mbele ya kaunta, mlango wa kituo uko wazi mbele yake na jua la saa sita limejaa uani.

"Nenda kijana. Nimeshakwambia uko huru."

"Niende wapi, afande?"

Kupe alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akamvutia kiti.